Sufuria Niliyoibeba Kwenye Umande

Yaya,

Leo asubuhi nilitoka nyumbani na sufuria ya Maman ndani ya mfuko, nikiwa nimeamua kuua mtu. Nakuambia mwanzoni kabisa kwa sababu hukupenda maneno yanayozungukazunguka. Ulikuwa unanikatiza, "Faida, ingia mu nyumba, utazunguka kiwanja mpaka lini?" Basi nimeingia. Mtu mwenyewe ni Trésor, yule dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, anayekaa pale chini kwenye ngazi, aliyekurushia jiwe la kwanza.

Nakuita Yaya bado. Kaka mkubwa ni yaya hata akiwa chini ya udongo, na udongo wa Bukavu unavyoporomoka kila mvua ikinyesha, sina hata uhakika kama uko pale tulipokuacha.

Nina hasira. Watu wanasema hasira inapungua na siku. Ya kwangu inanenepa. Naamka nayo, nashuka nayo mpaka Nyawera kufungua chumba chetu cha picha, nawaambia wateja "inua kidevu, usicheke" kwa sauti inayowafanya wakae wima kama wako mbele ya mwanajeshi. Juzi mama mmoja aliniuliza kama jino linaniuma. Nilimjibu ndiyo.

Na wewe pia nimekukasirikia. Mtu gani anatoka nje kupiga picha majani asubuhi ya siku kama ile? Usiku kucha wezi walikuwa mtaani na bunduki. Tangu mji upate watawala wapya, bunduki zimeokotwa na kila mwenye mkono. Walivunja mlango wa nyumba ya juu yetu, wakampiga baba wa watu risasi ya mguu mbele ya watoto wake, na mtaa wetu wote wa Kadutu ukagonga sufuria. Unaijua sheria yetu. Hakuna anayekuja kutuokoa, kwa hiyo sufuria ndiyo polisi. Anayevamiwa anagonga, wa pili anaitikia, wa tatu anaitikia, mpaka mlima mzima unalia bati, na asiyeitikia ataulizwa kesho kwa nini alinyamaza. Kulipopambazuka wezi walikuwa wameshayeyuka, lakini watu walikuwa bado wamesimama njiani na mawe yao, macho mekundu, hasira haijapata pa kushukia.

Na wewe ukaona umande ni mzuri.

Najua ulichojiambia. Umande haumngoji mtu. Jua likishachomoza nyuma ya vilima vya ng'ambo, Rwanda, kazi imekwisha, umebaki na majani matupu kama ya kila mtu. Kwa hiyo ukapita nyuma ya nyumba, ukashuka kwenye kile kipande cha magimbi karibu na mtaro, ukalala kifudifudi kwenye tope. Viwiko chini, miguu imenyooka, lile koti lako jeusi, na mbele ya uso bomba jeusi: lensi uliyoigeuza nyuma mbele na kuifunga kwa utepe wa skochi ili ikuze vitu vidogo. Mimi ningeona mjinga wangu anayepiga picha. Wao waliona mtu amejificha na bunduki, anasubiri.

Maman Chantal, jirani yetu, ndiye aliyekuona kwanza. Akagonga. Mlima ukaitikia. Na Maman wetu, aliyekuwa jikoni anapuliza moto, akashika sufuria yake akagonga pia, kwa nguvu zake zote, kama sheria inavyotaka. Hakujua ni nani. Maman aligonga, Yaya, wakati wanakuua. Na mimi nimekuwa nikiandika sentensi hiyo kichwani tangu ulipoondoka na hii ni mara ya kwanza kuiweka kwenye karatasi.

Nilitoka mbio nikafika kwenye ngazi ya juu. Nikamwona Trésor anainua jiwe kwa mikono miwili. Nilipiga kelele, "Ni Aganze! Ni yaya yangu!" Jina lako lilitoka kinywani mwangu likafia kwenye kelele za bati. Nilipofika chini walikuwa wameshaiona kamera. Walikuwa wamesimama, wengine mawe bado mkononi, hawajui pa kuyaweka. Uso wako sitakueleza. Mimi ndiye niliyeuosha.

Halafu wakaja kwenye kilio. Hilo ndilo lililonishinda. Waliobeba mawe ndio waliobeba viti. Walileta kuni, walileta turubai, walilala nje pamoja nasi kama mila inavyosema, waliimba nyimbo za kanisa kwa sauti nzuri kabisa. Nilikuwa nawapa chai, naangalia vidole vyao kwenye vikombe. Wote walisema neno moja: kosa. "Ilikuwa kosa, Faida. Mungu anajua ilikuwa kosa." Nilitaka kuwamwagia ile chai usoni. Maman alinishika mkono chini ya kitenge, akaubana mpaka ukafa ganzi.

Tangu hapo Maman hajapikia sufuria ile. Aliisukuma chini ya kitanda, na usiku mlima ukilia bati, nyumba yetu peke yake inanyamaza. Hakuna anayethubutu kutuuliza kwa nini. Benchi lake la asubuhi ameligeuza, sasa anakunywa chai akitazama ukuta, kwa sababu upande wa pili ni magimbi.

Mimi nimechukua kazi yako ya kupiga picha za harusi. Usicheke. Wanafurahi, kwa sababu nawapa nyuso zao. Unakumbuka yule bwana harusi aliyekuja Nyawera anafoka, kwamba amelipa picha za mke wake na wewe umempa tone la mvua kwenye ua la mkononi? Ulimwambia, "Angalia vizuri, papa, mke wako iko mule ndani." Akainama, akamwona kweli, mdogo kama punje ya mchele, amegeuka kichwa chini ndani ya tone na gauni lake lote. Kisha akasema hata hivyo anataka na zile za kawaida. Nilikucheka wiki nzima.

Kamera yako ilivunjwavunjwa. Lensi ilipona, ina mkwaruzo pembeni. Nimeifunga kwa skochi mpya kwenye kamera yangu, nyuma mbele kama ulivyofanya, lakini mpaka leo nilikuwa sijaitumia.

Sasa nikueleze ya Trésor.

Alikuja Nyawera wiki iliyopita. Aliegesha moto, akasimama mlangoni na kofia yake ngumu kwapani, amekonda, mashavu yameingia. Nikajua hajaja kupigwa picha. Alisema, "Faida, mi siko nalala. Unionyeshe ile kitu alikuwa anaangaliaka. Ile tu, kisha nitaenda."

Hakusema kosa, Yaya. Hakusema Mungu anajua. Na mimi nikaona wazo linaingia kichwani mwangu limeshaiva, halina hata haja ya kuchochewa. Nilimwambia picha haitoshi, kwamba lazima aone mwenyewe, kwa jicho lake, kwenye jani, asubuhi na mapema. Nikamwambia avae kitu cheusi kwa sababu rangi kali inaingia ndani ya tone na kuliharibu. Hilo ulinifundisha wewe na ni kweli. Mimi nililisema kwa sababu nyingine.

Umenielewa. Nilitaka alale pale pale ulipolala, kifudifudi, na koti jeusi na bomba jeusi mbele ya uso. Kisha mimi nipande kidogo kwenye ngazi na nigonge sufuria. Basi. Kadutu ingemaliza yenyewe. Na mimi ningeenda kwenye kilio chake, nibebe kiti, ninywe chai ya mama yake, niseme: kosa.

Nililala vizuri usiku wa kuamkia leo. Nakuambia ukweli, sikuwa nimelala vizuri hivyo tangu ufe.

Alfajiri niliivuta sufuria chini ya kitanda. Maman alikuwa amegeukia ukuta, sijui kama alikuwa usingizini. Nikachukua na upawa wa chuma. Trésor alikuwa ananingoja kwenye mtaro, koti jeusi, mikono mifukoni. Baridi ilikuwa ile ya ziwani inayopanda na ukungu. Nikamwonyesha jani, gimbi moja kubwa lililoinama upande wa njia. Kwenye ncha yake tone lilikuwa linaning'inia, nene, safi, na ndani yake ungeona paa za Kadutu zimegeuka. Nikamwambia, "Lala."

Akalala. Mtu mkubwa vile, alijishusha kwenye tope taratibu kama anayeingia maji ya baridi. Nikamwekea kamera mikononi. Nikamfundisha, ndiyo, nilimfundisha mtu niliyekuja kumuua, kwa maneno yako yale yale, kwa sababu sina mengine: usizungushe kitu, sogeza mwili wako wote mbele, kidogo, nyuma, kidogo. Kinachoonekana wazi ni chembamba kama ngozi ya kitunguu. Na usipumue.

Nikapanda ngazi. Nikatoa sufuria.

Kutoka juu pale alikuwa wewe. Ndiyo maana siwachukii wote kwa kiasi kile kile tena, kwa sababu nimesimama walipokuwa wamesimama, na mimi mwenyewe, ninayejua ni kamera, nilimwona mtu mwenye bunduki. Damu ilinipanda kichwani. Niligonga. Mara moja, kwa nguvu ya miezi yote hii. Ile sufuria ililia, Yaya, na sauti yake naijua, ni ile ya siku ile.

Trésor hakuinuka. Hakugeuza hata kichwa. Akiwa vile vile jicho kwenye kamera, akasema, "Gonga tena, Faida. Nilijuaka."

Alijua. Tangu Nyawera alijua, na alikuja hivyo hivyo, na koti jeusi kama nilivyomwagiza. Unadhani nilimhurumia? Nilichukia zaidi! Jiwe la kwanza lilikuwa lake, na sasa hata kifo chake anataka nimbebee mimi, niingie nacho nyumbani, nikae nacho na Maman mezani, yeye alale! Nilimtukana matusi ambayo ukiwa hai ungenipiga kofi. Nikaitupa sufuria mtaroni, ikashuka inagongagonga mawe.

Lakini mlima ulikuwa umeshasikia. Sheria ni sheria. Nyumba ya kwanza iliitikia, ya pili, upande wa soko ukaitikia, na milango ikaanza kufunguka. Nikasikia miguu. Nikasikia mtu anapaza sauti, "Iko mutu mu magimbi! Iko na silaha!"

Nilishuka ile ngazi kwa matako zaidi kuliko kwa miguu. Ningeweza kusimama mbele yake na kupunga mikono. Ningeweza kupiga kelele, lakini kelele nilishazijaribu siku yako na najua zinafia wapi. Nikajitupa kwenye tope kando yake, kifudifudi, bega kwa bega na mtu aliyekuua, ili wakifika wakute wawili na mmoja wao awe na kitenge. Nikamnyang'anya kamera. Sijui kwa nini. Nadhani mikono ilitaka kitu cha kushika. Nikaweka jicho.

Yaya, nikawaona wakija.

Walikuwa ndani ya tone. Njia yote ilikuwa mule, na watu wanashuka, kichwa chini, wadogo kama siafu, mikono imeinuliwa, na mbingu nyeupe chini ya vichwa vyao. Niliweza kuona kitambaa chekundu cha Maman Chantal. Ndipo nilipojua jambo ambalo nilikuwa sijalijua, na linaniuma kuliko yote. Uliwaona. Siku ile jani lilikuwa limeinama upande huo huo. Uliwaona wakija muda mrefu kabla jiwe halijakufikia, na nilikuwa najiuliza kila siku kwa nini hukukimbia, kwa nini hukupiga kelele, wewe mwenye mdomo wote ule. Ulikuwa umeshika pumzi. Ulifikiri ni picha nzuri. Mjinga wangu, ulifikiri wanakuja kuwa picha.

Nikalia pale pale. Tone likatikisika.

Jiwe lilinipata begani, la pili likapita juu ya kichwa cha Trésor na kukata jani la jirani. Bega limevimba hivi ninavyoandika, nyuma ya shingo nina damu iliyokauka. Halafu Maman Chantal akapiga ukelele, "Muache! Muache mawe! Ni Faida, dada ya Aganze!" Na safari hii jina lilisikika. Labda kwa sababu sufuria iliyoanzisha yote ilikuwa chini ya mtaro, au labda kwa sababu jina lako limeshakaa ndani ya kila mmoja wao na linangoja tu kuitwa. Walisimama. Mmoja akauliza, "Na ule mwengine?"

Hapo ndipo nilipomshika Trésor mkononi mwangu, Yaya. Neno moja tu lingetosha. Hata kunyamaza kungetosha. Alikuwa amelala uso kwenye tope, anangoja, na nilimwacha angoje. Nilitaka ajue urefu wa ule muda. Kisha nikasema, "Ni Trésor. Mi njo nilimuleta. Iko anaangalia umande."

Walikuwa ni wale wale, unaelewa? Wale wa mawe na wale wa viti. Walituangalia sisi wawili, wakaangalia mahali penyewe, na kila mtu alijua amesimama wapi. Mwanaume mmoja aliliweka jiwe lake chini polepole, kama yai.

Nikamwambia Maman Chantal, "Shuka, maman. Ulale hapa, uangalie." Nilisema kwa ukali, sikumwomba. Nilidhani atakataa, mwanamke mzima, na kitenge chake cha kanisani. Alipiga magoti, akalala, akanusa tope, nikamwekea kamera usoni nikimshikilia kisogo kama mtoto anayenyweshwa dawa. Nikamwambia asipumue. Alikaa. Alikaa mpaka nikafikiri hajaona kitu.

Kisha akasema, bila kuondoa jicho, "Ni hii tu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Faida, mutoto wangu, ni hii tu alikuwa anaangaliaka? Maji?"

Akaanza kulia, mwili mzima, na jani likatikisika na tone likaanguka. Hakukuwa tena na cha kuona. Jua lilikuwa limeshatokeza. Wengine waliokuwa wamesogea ili waangalie walibaki wamesimama, mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna lingine. Nikamwambia mpaka kesho.

Trésor aliondoka akiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Sijamsamehe. Nataka ulijue hilo ili usije ukafikiri nimekuwa mtakatifu, sina nguo za kazi hiyo. Nikimwona njiani bado mikono inaniwasha. Lakini hatakufa kwa sufuria yetu, na mimi sitakunywa chai ya mama yake.

Nilipogeuka nilimkuta Maman kwenye ngazi, miguu mitupu. Aliisikia sauti ya sufuria yake na alikuja. Sijui alitoka akitarajia kukuta nini, na sitamuuliza. Alishuka mtaroni mwenyewe, akashikilia majani, akaiokota, imebonyea upande mmoja, akaisugua kwa majivu mpaka mchana. Sasa hivi ninavyoandika iko mekoni na sombe, majani ya muhogo, ndani, na harufu ya mawese imejaa nyumba. Benchi bado limeangalia ukuta. Nimeacha hivyo. Atakapotaka ataligeuza.

Yaya Aganze, niache nimalize, chakula kinaiva na unajua Maman hapendi kuita mara mbili. Sitakudanganya kwamba nitaacha kukasirika. Ninachokuahidi ni hiki. Kesho kabla ya jua nitalala kwenye magimbi. Kesho kutwa kwenye lengalenga, ule mchicha wa Maman Chantal, ameshanipa ruhusa. Halafu kwenye nyasi za mtaro, halafu chini huko pembeni ya barabara ya Nyawera, mbele ya wabeba mizigo na madereva wote wa moto, na koti jeusi na bomba jeusi, tumbo chini. Wanicheke. Waniite kichaa, waseme ni ukoo. Nitalala hivyo kila asubuhi yenye umande mpaka siku mtu wa Kadutu akimwona mwenzake amelala kifudifudi kwenye majani, mkono wake usiende kwenye sufuria kwanza. Amwulize tu, "Unaangalia nini?"

Na wewe ulale, Yaya. Pumzi uliyoishika, iachie sasa. Picha nitaipiga mimi.

Dada yako,
Faida